Wiki hii ya masika tuangalie na anga la wenzetu wa juu ya mto

#1 Kipimamvua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa wote shikamooni.

Tumeshaingia nusu ya pili ya Aprili. Kwetu pwani ya kaskazini, nikimaanisha Tanga, Dar, Pwani, Unguja, Pemba na kaskazini mwa Morogoro, hapa ndipo masika yanapokolea. Kila Jumapili jioni ndugu na majirani huniuliza swali lile lile: "Dada, wiki hii itanyesha?" Wananiuliza mimi kwa sababu ndiye ninayesoma kipimamvua cha shule yetu kila siku saa 3 asubuhi, na huu ni mwaka wa tisa. Huwa nawajibu, ila naona wameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: itanyesha wapi? Maana maji yanayomtoa mtu nyumbani kwake mara nyingi siyo yale yaliyodondoka juu ya bati lake.

Nieleze kwa nini jambo hili linanikaa rohoni. Masika ya 2024 shangazi yangu alikuwa na shamba la mpunga kwenye bonde la Rufiji, upande wa Muhoro. Siku ninayoizungumzia jua liliwaka tangu asubuhi, akaanika makopa ya muhogo kwenye jamvi. Jioni akaona sisimizi wanapanda nguzo ya nyumba kwa mstari, kila mmoja na yai jeupe mdomoni. Akasema leo mvua ipo, akaanua makopa yake. Mvua haikuja. Saa 8 usiku aliposhusha mguu kitandani, akakanyaga maji. Anasema hayakuwa na sauti yoyote. Kandambili zake zilikuwa zinaelea, moja imeshafika mlangoni. Alibeba wajukuu wawili akapanda nao kwenye dungu la kulindia ndege, wakakaa huko siku mbili wakila yale makopa mabichi. Kijijini kwake hakukuwa kumedondoka hata tone kwa siku 3.

Yale maji yalitoka mbali. Mto Rufiji unakusanya mvua ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 170,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero peke yake unaleta zaidi ya nusu ya maji yote. Ukikutana na Luwegu unazaliwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu unaingia baadaye. Kwa hiyo mtu wa Muhoro, Utete au Ikwiriri anapotazama juu ya kichwa chake na kuona jua, ameona sehemu ndogo sana ya mto wake. Mvua yake iko Mlimba, iko Mahenge, iko milima ya Udzungwa, na itamfikia baada ya siku kadhaa, wakati mwingine baada ya wiki na zaidi, kwa sababu bonde la Kilombero ni tambarare pana na hukaa na maji kwanza kabla ya kuyaachia.

Sasa tuje kwenye taarifa yenyewe ya wiki, jinsi ya kuisoma.

Kwanza milimita. Wengi wakisikia "milimita 50" wanaona ni kitu kidogo, ni urefu wa kidole tu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Chukua bati la nyumba ya mita 8 kwa 10: mvua ya milimita 50 imemwaga juu yake lita 4,000, yaani matangi manne yale ya lita elfu moja. Kwenye kilomita moja ya mraba ya mlima, hizo milimita 50 ni lita milioni 50, na mlima hauna tangi. Kwa vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), mvua ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24 ndiyo inaitwa mvua kubwa. Na hizo saa 24 zinahesabiwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake, ndiyo maana mvua ya jana usiku utaisikia kwenye taarifa ya leo.

Pili, rangi. Angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Rangi inatokana na mambo mawili yaliyowekwa pamoja: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa madhara likitokea. Yote mawili huandikwa chini ya tahadhari, na watu hawayasomi. Unaweza kupewa angalizo ambalo uwezekano wake ni mdogo lakini madhara yake ni makubwa. Hilo kwa mwenye nyumba bondeni si la kulipuuza, japokuwa kwa mwenye duka mlimani linaweza kupita.

Tatu, ramani ya kanda. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ICPAC, kule Kenya karibu na Nairobi, kinachohudumia nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, hutoa kila wiki ramani ya jumla ya mvua inayotarajiwa, na nyingine inayoonyesha tofauti na wastani. Hapa ndipo watu wanapopotea. Hiyo ya pili haikuambii mvua ni nyingi kiasi gani, inakuambia ni nyingi au chache kuliko kawaida ya mahali hapo. Unguja ikipakwa rangi ya "chini ya wastani" wiki ya Aprili, bado unaweza kulowa mpaka mfupani, kwa sababu wastani wenyewe wa Aprili uko juu. Na sehemu kame ikipakwa "juu ya wastani" inaweza kuwa imepata mvua ya asubuhi mbili tu. Someni zote mbili kwa pamoja.

Nne, siku. Taarifa ya leo, kesho na keshokutwa ifanyie kazi. Ya siku ya nne mpaka ya saba ichukue kama mwelekeo, halafu irudie kuisoma kila jioni maana hubadilika.

Ombi langu: tuufanye uzi huu uwe wa kupashana habari mto kwa mto. Aliye juu akiona mvua ya kweli aandike hapa mahali alipo, saa iliyoanza, imenyesha vipi. Aliye chini aisome. Na mwenye swali aulize, nitajibu ninachokifahamu.

#2 Dereva wa Kusini

Dada nakushukuru sana. Naendesha lori Dar hadi Mtwara na nathibitisha hilo la maji kuja bila mvua. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, tulisimama foleni kilomita na kilomita upande wa Somanga. Barabara ilikuwa imekatika, lami imeliwa kama mkate. Mahali nilipolala mimi palikuwa pakavu. Abiria wa mabasi walikuwa wanavuka kwa miguu na watoto mgongoni, wakapande gari ng'ambo ya pili. Tangu siku hiyo kabla sijawasha gari napiga simu mbele, kwa watu watatu: mama ntilie wa Ikwiriri, fundi tairi wa Somanga, na jamaa yangu wa Nangurukuru. Redio naisikiliza, lakini hao watatu ndio wananiambia mto umefika wapi kwenye nguzo za daraja.

Swali: ukisikia mvua ya "maeneo machache", kwa dereva inamaanisha nini?

#3 Mkulima wa Dumila

Mimi niseme ukweli wangu bila kumkosea mtu. Wiki mbili zilizopita nilisikia redioni kwamba kuna mvua kubwa mkoa wetu. Nilikuwa nimeshakodi pampu ya kupulizia viwavijeshi kwenye mahindi, nikairudisha, maana dawa ikipigwa mvua imekwenda. Jua likawaka siku nne mfululizo. Viwavi vikaingia kwenye moyo wa mahindi. Nimepoteza karibu nusu eka. Sasa mtu kama mimi nikiambiwa nisome na anga la Mlimba huko, nisaidieni, nifanyeje?

#4 Kipimamvua

@Mkulima wa Dumila pole sana kaka. Nusu eka ni ada ya mtoto, naelewa. Sikuambii ulikosea kusikiliza.

Ila tazama kilichotangazwa: mkoa. Mkoa wa Morogoro una zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Mvua zetu za masika nyingi ni za mawingu marefu yanayojijenga mchana kwa joto, na wingu moja linaweza kunyesha kijiji kimoja na kukiacha cha jirani kikiwa na vumbi. Mtabiri anaweza kuona kwamba mkoani mvua itakuwepo, na ikawepo kweli Matombo na Kinole kule Uluguru, huku Dumila mkiota jua. Hapo utabiri wa mkoa umetimia na shamba lako limeharibika, yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana kwa kazi ya shamba usichukue tangazo la wiki la mkoa ukaamua nalo. Chukua taarifa ya saa 24 jioni ya kuamkia siku ya kupulizia, tena panga kupulizia asubuhi na mapema, kwa kuwa huko bara mvua ya aina hiyo hupenda kuanza alasiri.

Halafu kuhusu anga la mbali: wewe ni wa Dumila, unalikumbuka daraja lenu lililosombwa Januari 2014. Mvua iliyolibeba haikuwa yote ya hapo kwenu, iliteremka kutoka nyanda za juu. Na Kilosa ni vivyo hivyo. Mto Mkondoa unaleta Kilosa maji ya upande wa Mpwapwa na Gulwe, mkoa mwingine kabisa. Yale mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yaliyong'oa Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe yalishuka hivyo. Kwa hiyo kwa viwavi angalia anga lako, kwa nyumba na daraja angalia la Mpwapwa.

@Dereva wa Kusini, "maeneo machache" kwa dereva ni kwamba njia ndefu kama yako karibu lazima ukutane na mojawapo. Anayelala kijijini ana nafasi ya kukwepa, wewe unayepita wilaya sita kwa siku moja huna. Na wale watu wako watatu usiwaache.

#5 Mpokomo wa Garsen

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi niko Kenya, Tana River. Haya mnayoyasema ndiyo maisha yetu. Huku Garsen na Hola mvua ni haba, ukame tunaujua kwa jina. Mafuriko yetu hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Yanashuka yanajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na bwawa la juu likishajaa likamwaga, sisi tunahesabu siku. Mwaka 2024 mwezi wa Aprili, barabara ya Garissa ilifunikwa, watu wakawa wanavushwa kwa mashua juu ya barabara yenyewe. Tarehe 28 mashua ikapinduka pale Kona Punda, watu wakafa. Wafu wale hawakuuawa na mvua ya Garissa.

Kuhusu swali la dereva, kwenye taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya maana yake huandikwa hapo hapo: maeneo machache ni chini ya asilimia 33 ya eneo linalotajwa, maeneo kadhaa ni kati ya 33 na 66, maeneo mengi ni zaidi ya 66. Mimi nimezikariri, zinanisaidia.

Naongeza jambo moja. Huku kwetu sasa vijana husikiliza utabiri wa Nyeri na Murang'a kuliko wa Garsen. Nyanya yangu alikuwa anatushangaa, sasa ndiye anayeuliza kwanza, "Nyeri kumenyesha?"

#6 Nahodha wa Kojani

Assalaam alaykum. Nami niseme la baharini, kwani naona mwazungumza mito tu.

Wakati huu kaskazi imeshakufa, kusi haijashika vyema. Ni maleleji, pepo zinageuka. Bahari inaweza kuwa shwari asubuhi kama mafuta, na adhuhuri ikageuka. Kusi ikianza kwa nguvu mwisho wa mwezi huu na Mei, chombo kidogo hakiendi nje ya mwamba. Tangazo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, kwetu si la kujadiliwa. Nimezika jamaa wawili walioondoka siku ya tangazo kama hilo wakisema tutawahi kurudi.

Nataka kuuliza la vimbunga. Wazee wetu wakisema pwani hii haina tufani. Na Hidaya imekuja. Je, wiki kama hii ya Aprili ni ya kuhofia?

#7 Kipimamvua

Waalaykum salaam nahodha. Allah awarehemu jamaa zako.

Tufani katika pwani yetu ni nadra, lakini ikija hupenda miezi hii hii ya mwisho wa msimu. Ile ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Aprili 1952 kimbunga kiliingia upande wa Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na watu wa Mtwara walikuwa wameshahamishwa kwenda sehemu salama. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na boti za Dar na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Wiki mbili na siku chache baadaye kikaja Ialy, kikapita karibu na pwani ya Kenya na Somalia na upepo mkali. Kwa hiyo jibu ni kwamba siyo ya kukosesha usingizi, ila Aprili na Mei usiwahi kuruka sehemu ya bahari kwenye taarifa.

Kuna jambo lingine la vimbunga ambalo wakulima wanapaswa kulijua. Kimbunga kisichotufikia nacho kinaingilia masika yetu. Machi 2019 Idai ilipokuwa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji na kuipiga Beira, sisi huku tulikosa mvua, masika yakachelewa, watu wakapanda mara mbili. Lakini Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa mashariki wa Madagaska, upepo ulivutwa kutoka magharibi, ukaleta unyevu wa misitu ya Kongo, na Kenya ikapata mvua kubwa mno. Ni vimbunga vya bahari ile ile, ila kwa sababu ya mahali vilipokaa, mwaka mmoja tulikauka na mwingine tulifurika. Ndiyo sababu nasema wiki ya masika haisomeki kwa kutazama wilaya moja.

#8 Mama wa Kigogo

Nipo Kigogo, Dar, bonde la Msimbazi. Naomba mnijumuishe na mimi. Mvua ikinyesha Pugu na Kisarawe sisi huku tunakunja magodoro. Mara nyingine huku kwetu ni manyunyu tu na watoto wanacheza nje. Mume wangu alichora mstari wa rangi nyekundu ukutani, maji yakifika pale tunatoka, hatujadiliani.

Ila kuna kitu sijawahi kukielewa. Kuna siku mvua ni kubwa na maji yanapita haraka, kufika saa 6 yameisha. Na kuna siku mvua ni ya kawaida lakini maji yanakaa, yanakaa, hayaondoki mpaka usiku. Kwa nini?

#9 Nahodha wa Kojani

Bibie, hilo nakujibu mimi. Tazama mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua, maji ya bahari hupanda juu sana. Mto wenu unamwaga baharini pale Salenda. Maji ya mvua yakiteremka wakati bahari imejaa bamvua, hayana pa kwenda, yanarudi nyuma. Yakikuta maji mafu au maji yametoka, yanapita. Hesabu siku zako na saa za maji kujaa, utaona mwenyewe.

#10 Mama wa Kigogo

Miaka 14 naishi hapa na hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Nimekwenda kutazama kalenda ya mwezi sasa hivi. Ahsante sana baba.

#11 Kipimamvua

Nimeandika kwenye daftari langu, nahodha. Kuanzia leo nikitoa taarifa ya wiki kwa watu wa Jangwani, Kigogo na Mchikichini naweka na tarehe za bamvua pembeni.

#12 Kijana wa Sinza

Mimi natumia programu ya simu tu. Inaniandikia mvua asilimia 80, saa 10 jioni. Mara nyingine iko sawa, mara nyingine hapana. Pia nimeona mahali wanataja MJO, sijui ndiyo nini.

#13 Kipimamvua

Programu nyingi za simu zinachukua matokeo ya kompyuta za mbali ambazo zinaigawa dunia kwenye miraba, na mraba mmoja unaweza kuwa na upana wa kilomita 10 hadi 25. Ndani ya mraba huo Sinza, bahari na vilima vya Pugu vinaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja. Tena hakuna mtu aliyeipitia kabla haijakufikia. Itumie, lakini ikipingana na taarifa ya TMA mimi nafuata TMA, wana vituo hapa chini na wanaona rada. Na kwa pwani kumbuka, mvua ya masika hupenda usiku wa manane hadi asubuhi, pale upepo wa nchi kavu unapokutana na wa baharini. Ikiandikwa saa 10 jioni kila siku, itilie shaka.

MJO ni mkusanyiko mkubwa wa mawingu na mvua unaotembea kandokando ya ikweta kuelekea mashariki, ukiizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Herufi mbili za kwanza ni majina ya Madden na Julian walioueleza mwaka 1971. Ukipita Bahari ya Hindi, nyanda zetu za juu hupata wiki ya mvua mfululizo. Ukishapita, masika yanakatika siku kadhaa, watu wanasema mvua imeisha, wanaacha kusafisha mitaro. Haijaisha. Mvua za masika huja kwa mafungu, na huu mwendo ni moja ya sababu. Watabiri wanaweza kuuona wiki moja mpaka mbili mbele, kwa hiyo wakiutaja kwenye taarifa, simama hapo usome vizuri.

#14 Mvuvi wa Ukara

Ziwa Victoria nalo msilisahau. Huku radi na upepo huja usiku na alfajiri, wakati tuko ndani na taa za dagaa. Mchana anga jeupe. Mtu akitazama jua la saa 11 jioni akaingiza mtumbwi, amejidanganya.

#15 Mzee wa Utete

Wanangu, nimesomewa uzi huu wote na mjukuu wangu na nimefurahi. Ngoja niseme kidogo.

Sisi Warufiji mafuriko hatukuyaita adui. Maji yakija na kushuka, yanaacha udongo mweusi, tunapanda mahindi na kunde juu ya unyevu ule ule, ndiyo kilimo cha mlao. Mwaka usio na maji ulikuwa mwaka wa njaa. Tulijua yanakuja kwa kuutazama mto: maji yanabadilika rangi, yanaanza kuleta majani ya matete, kisha magogo mabichi yenye majani yake. Gogo bichi likipita, unahamisha kuku na mbegu siku hiyo hiyo. Madungu tuliyajenga marefu kwa sababu hiyo, ndege na nguruwe ni sababu ya pili.

Siku hizi mambo mawili yamebadilika. Watu wamejenga chini, nyumba za tofali mbichi, mahali ambapo baba zetu walilima tu na kurudi juu. Na sasa lipo bwawa kubwa la Julius Nyerere, lilianza kujazwa Desemba 2022. Magogo hayapiti tena kama zamani, hivyo ile alama ya wazee imepotea. Kwa hiyo mwanangu unayeandika habari ya mvua, uandike na habari ya bwawa. Likitangazwa kwamba maji yanafunguliwa, kwetu sisi hiyo ndiyo hali ya hewa.

#16 Kipimamvua

Shikamoo mzee. Umenifundisha kitu ambacho miaka tisa ya kusoma kipimamvua haikunifundisha. Nimekubali, taarifa ya bwawa itakaa mwanzoni mwa kila ninachowaandikia watu wa chini, kabla ya mvua.

Naomba mjukuu wako aniandikie pembeni ni vitongoji gani ambavyo baba zenu walilima bila kulala. Orodha hiyo ina thamani.

#17 Mlimba Juu

Natoa taarifa kama mlivyoomba. Niko Mlimba, Kilombero. Imeanza saa 9 usiku wa kuamkia leo Jumatano, mpaka sasa saa 2 asubuhi haijakatika. Siyo ya radi, ni ile nzito iliyotulia, milima ya Udzungwa haionekani kabisa. Kijito kilicho nyuma ya nyumba kimebadilika kuwa chekundu na kimefika kwenye jiwe la kufulia. Sina kipimamvua, ila ndoo ya lita 20 niliyoiacha wazi uwanjani jana ikiwa tupu, nimepima maji yake kwa rula ya mtoto: sentimita 8 na kidogo.

#18 Kipimamvua

Ahsante sana @Mlimba Juu. Ndoo iliyopanuka juu hudanganya kidogo, maji yanaonekana marefu kuliko yalivyo. Hata ukipunguza, hiyo ni zaidi ya milimita 50, ni mvua kubwa. Tafadhali imwage sasa, iweke tena mahali pa wazi mbali na mti na bati, na kesho saa 3 asubuhi upime tena.

@Mzee wa Utete, @Dereva wa Kusini, mmeiona hii?

#19 Mzee wa Utete

Ameniamsha mjukuu. Tumeiona. Yeye anakwenda na baiskeli kuwaambia walioko madunguni, mimi napiga simu kwa mwenyekiti tujue na habari ya bwawa. Wewe wa Mlimba, kesho usisahau ile ndoo.